Karafuu Atazibeba Nani? Habari ya Gari la Shamba na Sulimaniyah Mbili



Jamaa wengi wameniandikia kutaka kujua ulikuwaje mwisho wa habari ya gari. Baadhi yao wameuliza kwa kuwa walitoa fedha zao, na kuuliza ni haki yao. Wengine ni wa koo nyingine zilizohajiri kama sisi. Nao wana kipande cha shamba Pemba, Malindi au Tanga, na wana vijana wenye shauku ya kupeleka kitu nyumbani. Naandika kwa ajili ya wote hawa, nikifuata daftari nililokabidhiwa na ukoo, kwa kuwa ukarani ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote na jamaa wanajua kwamba sipendi hesabu isiyofungwa.

Ukoo wetu una Sulimaniyah mbili. Ya kwanza ni ya Riyadh, mtaa unaopakana na Al-Olaya, wenye ile barabara ya mikahawa na maduka ambayo watu huiita Tahliya hata kama kibao chake kinasema jina jingine. Ya pili ni ya Jeddah, karibu na Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz, ambako tangu 2018 kiko kituo cha treni ya Haramain iendayo Makka na Madina. Baina ya mitaa miwili hii yenye jina moja pana safari ya kilomita zipatazo 950 kwa barabara. Kwa muda wa miezi saba, ujumbe ulikuwa ukienda na kurudi baina yake, wa maandishi na wa sauti, na hoja ilikuwa moja tu: gari gani linunuliwe kwa ajili ya shamba la Pemba, ambalo wengi kati ya waliokuwa wakijadili hawajapata kuliona kwa macho.

Shamba lenyewe si lile la kwenye hadithi. Lile kubwa la babu lilichukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 kama mashamba mengine, na ardhi ikagawiwa wananchi eka tatu tatu. Kilichobaki ni kipande cha upande wa bibi, chenye mikarafuu, minazi, mifenesi na mihogo chini ya miti. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya Serikali, na sisi tunayo haki ya kuitumia na ya kuvuna miti yetu. Shamba hilo linatunzwa na mtu mmoja pamoja na wanawe. Baba yake alilitunza kabla yake, na babu yake kabla ya baba. Habari ya babu wa babu yake nitaigusa hapa chini, kwa sababu bila ya hiyo habari ya gari haieleweki.

Kilichotushitua ni msimu wa mwaka juzi. Mtunza shamba wetu, ambaye umri wake unalingana na wangu, goti lilimsaliti katikati ya mavuno. Wanawe wakabeba peke yao. Siku mbili karafuu mbichi zililala kondeni kwenye magunia, mvua ya vuli ikazikuta huko huko, na mzigo wa siku hizo mbili ukaharibika. Hasara hiyo ilikuwa yao kabla ya kuwa yetu, kwa kuwa wao hula kwa fungu la mavuno.

Mizigo ilibebwa na nani

Mkarafuu si mti wa asili wa visiwa vyetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, huko mashariki ya mbali. Wafaransa waliupanda katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika Unguja, kisha Sayyid Said bin Sultan akataka upandwe kwa wingi. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu hasa.

Wazee wetu walipotusimulia habari za shamba walihesabu miti. Walitaja majahazi yaliyokwenda na kusi na kurudi na kaskazi, walitaja baghala, jahazi kubwa la Ghuba lenye jina lile lile la mnyama abebaye mizigo. Hawakuhesabu vichwa. Karafuu mbichi zilitoka bondeni zikapanda kilimani juu ya vichwa vya watumwa, wanaume kwa wanawake, na baada ya kukauka zikateremka hadi pwani juu ya vichwa hivyo hivyo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe uliondolewa nguvu ya sheria Unguja na Pemba kwa amri ya Sayyid Hamoud bin Mohammed ya mwaka 1897, na huko pwani ya Kenya mwaka 1907. Hapa Saudia, nchi iliyotupa riziki, ulipigwa marufuku mwaka 1962, ambao ndio mwaka niliozaliwa mimi.

Sitaji haya kwa kumlaumu yeyote aliyelala kaburini. Nayataja kwa sababu katika lugha yetu neno hamali, ambalo tumelichukua katika Kiarabu, ni jina la mtu na ni jina la kazi yake, na kwa muda mrefu mtu huyo hakuwa sisi. Aliyetunza shamba kwanza katika ukoo wa mtunza shamba wetu alikuwa mtumwa wa nyumba yetu. Jambo hili halisemwi katika arusi wala matanga, lakini wao wanalijua na sisi tunalijua. Tunapokaa katika vyumba vya baridi vya Sulimaniyah tukachagua namna mzigo utakavyobebwa, ni vyema tukumbuke kwamba kuchagua kwa niaba ya mbebaji ni desturi ya zamani katika nyumba hii.

Karafuu haingoji

Kwa wale ambao hawakukulia visiwani, naeleza kazi yenyewe, maana gari huchaguliwa kwa kazi, halichaguliwi kwa sura.

Karafuu huchumwa ikiwa tumba, linapoanza kuona wekundu na kabla halijafunguka kuwa ua. Wachumaji hupanda mtini, huvunja vishada, na hulipwa kwa pishi. Jioni mzigo hupelekwa nyumbani, na usiku ule ule hufanywa kazi ya kuchambua, yaani kutenga karafuu na makonyo yake. Karafuu mbichi zikirundikwa na kulala hivyo hivyo hufanya joto, huvunda, na zikikauka huwa na rangi mbaya na daraja la chini. Baada ya kuchambuliwa huanikwa juani juu ya majamvi siku kadhaa, na kila wingu likitanda watu hukimbilia kuzianua. Kilo tatu mbichi hutoa kadiri ya kilo moja kavu. Maana yake ni kwamba mzigo mzito kuliko wote ni ule wa mwanzo, wa kutoka bondeni, jioni, kwenye utelezi.

Zikishakauka hutiwa maguniani na kupelekwa kituoni kuuzwa kwa ZSTC, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ambalo kisheria ndilo mnunuzi. Makonyo nayo yana bei yake, kwani hukamuliwa mafuta katika kiwanda cha Wawi, Chake Chake.

Kwa hiyo karafuu ina safari mbili. Safari mbichi ni fupi, ya kilima na tope, na haina subira. Safari kavu ni ndefu zaidi, ni ya barabara ya lami, na mzigo wake ni fedha. Mjadala wetu wote ulizunguka hapo, ingawa ilituchukua miezi mitatu kuona kwamba tulikuwa tukizungumzia safari mbili tukidhani ni moja.

Bagi la Riyadh

Vijana wa Sulimaniyah ya Riyadh walitaka bagi. Kwa wasiolijua, ni kigari cha wazi chenye viti viwili au zaidi vilivyopangwa sambamba, usukani wa kawaida, vyuma vya kukinga kichwa likipinduka, magurudumu manene, na kitanda cha mizigo nyuma ambacho aghalabu huinuka kumwaga shehena. Vijana huliona mwisho wa wiki huko Thumamah, watu wanapotoka kwenda jangwani kupiga hema, na wenye istiraha na mazraa upande wa Al-Kharj hulitumia kubebea maji, mabomba ya kumwagilia, majani ya mifugo na matawi ya mitende. Lisichanganywe na dabbab, yaani pikipiki ya magurudumu manne ambayo mtu huipanda kama farasi. Dabbab ni la kukimbia, ila bagi la kazi ni la kubeba.

Nililisoma gari hilo kwa makini kuliko walivyodhani. Aina ya kazi si jipya: Kawasaki walitoa lao mwaka 1988 na wakaliita Mule, yaani nyumbu, na nilipoliona jina hilo nililikumbuka lile jahazi la wazee. Polaris walifuata na Ranger mwaka 1998. Makubwa yake hutajwa kubeba kiasi cha kilo 450 kitandani na kuvuta tela juu ya hapo. Mengi yana uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne, chini yameinuka, na tairi zake hushika tope ambalo gari la mjini lingezama. Kwa safari mbichi sijaona chombo cha injini kilicho bora zaidi.

Mpwa wangu mmoja alikwenda mbali zaidi ya maneno. Alijitolea bagi lake mwenyewe, lililotumika miaka miwili, liwe sadaka kwa shamba; sisi tulipie usafiri na ushuru. Baba yake, ambaye ndiye mkubwa wetu, alilipokea jambo hilo kwa furaha, na kulikataa halikuwa jepesi. Katika nyumba zetu zawadi ya kijana mbele ya baba yake hairudishwi hivi hivi.

Hata hivyo daftari lilikuwa na maswali yake. Usafirishaji kutoka bandari ya Jeddah ulikuwa umeingia wasiwasi, kwani tangu mwishoni mwa 2023, kwa sababu ya mashambulizi ya Bahari ya Shamu, meli nyingi ziliacha kupita Bab el-Mandeb. Usukani wa bagi lile uko kushoto, kama magari yote ya huku, na Zanzibar huendeshwa upande wa kushoto wa barabara, kwa hiyo usukani hutakiwa uwe kulia. Lakini zito kuliko hayo ni kwamba bagi halikuundwa kwa barabara ya umma. Hapa Saudia mahali pake ni jangwani na mashambani, na hufikishwa huko likiwa limebebwa juu ya tela. Shamba letu halina uzio wala mipaka ya kilomita kumi ambayo mtu ataendesha ndani yake asitoke. Kutoka kwetu hadi kituo cha karafuu ni barabara ya lami, yenye daladala, baiskeli, watoto wa skuli na askari wa usalama barabarani. Bagi lingefanya nusu ya kazi, kisha lingesimama ukingoni mwa lami likingoja gari jingine.

Vyombo vingine

Tulivipima vingine pia, na kila kimoja kilikuwa na wakili wake.

Wa Jeddah mmoja alitaka Toyota Land Cruiser ya kitanda, ile ambayo Ghuba nzima huiita shas. Hakuna anayebisha nguvu zake. Lakini ni pana, ni ghali, na kwa eka chache za mikarafuu ni kumchinjia ng'ombe mgeni mmoja.

Wengine walisema guta, pikipiki ya magurudumu matatu yenye kitanda. Ni rahisi kununua na mafundi wake wamejaa. Tatizo ni mteremko wa upande: mzigo ukielemea mkono mmoja, chombo chenye gurudumu moja mbele hupinduka, na vilima vya Pemba vina udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni baada ya mvua. Kwenye lami na ardhi tambarare ni chombo kizuri, na jamaa zetu wa Malindi wanakisifu.

Pawatila ilitajwa kwa kuwa hulima pia na huvuta tela, lakini ni ya mabonde ya mpunga, na mwendo wake kwenye lami unawafanya watu wengine wote waingoje.

Kikafuata kigari cha Suzuki Carry, ambacho bara hukiita kirikuu. Hiki ni katika vile vigari vidogo vya Kijapani ambavyo sheria ya kwao inavifunga visizidi urefu wa mita 3.40 na upana wa mita 1.48, injini isizidi sentimita za ujazo 660, na mzigo usizidi kilo 350. Usukani uko kulia. Kinasajiliwa kama gari jingine lolote. Vipo vyenye kuendesha magurudumu yote manne. Ubavu wake wa kitanda hufunguka pande tatu, kwa hiyo gunia halinyanyuliwi juu ya ukingo. Na jambo kubwa kuliko yote, vipuri vyake vinapatikana Unguja na Pemba, na fundi wa kijijini amekwisha kukifungua mara nyingi.

Wa mwisho ni gari la ng'ombe, ambalo hakuna hata mmoja wa Sulimaniyah aliyelitaja. Alilitaja mtunza shamba.

Maswali matatu kutoka Pemba

Katika mwezi wa nne wa mjadala, shangazi yetu wa Jeddah, aliyevuka miaka themanini, aliuliza katika ujumbe wa sauti: "Jamani, huyo atakayeliendesha ameulizwa?" Kimya kilichofuata kilijibu. Siku ile ile nikampigia simu mtunza shamba, nikamsomea orodha yote. Alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, kisha akaomba siku tatu.

Siku ya tatu alinijibu kwa maswali matatu, nami nayanakili kama alivyoyatamka.

La kwanza: "Kaka, njia ya bondeni umeipima?" Yeye alikuwa ameipima kwa kamba. Mahali pembamba, baina ya mfenesi na ukingo wa udongo, pana mita moja na sentimita 70. Mabagi makubwa ya kazi yana upana wa mita moja na nusu kwenda juu kidogo, na lile la mpwa wangu lilikuwa mita 1.60, ikiwa na maana ya sentimita tano tu kila upande, kwenye utelezi, usiku. Kigari cha Suzuki kingebaki na sentimita 11. Mfenesi ule haukatwi, maana mke wake huuza mafenesi yake na ndiyo ada ya skuli.

La pili: "Mkanda ukikatika siku ya tatu ya mavuno, nitaununua wapi?" Alikuwa amemuuliza kijana mmoja aliyefanya kazi hoteli ya Unguja yenye mabagi ya wageni, akaambiwa kwamba mengi huendeshwa kwa mkanda badala ya gia, na kwamba mkanda ukipata joto kwa mzigo mzito na mwendo mdogo, au ukiingia maji, huteleza na hatimaye hukatika. Hayo ni kweli, nilithibitisha. Yapo ya gia, kama Honda Pioneer 1000, lakini la mpwa wangu lilikuwa la mkanda. Mwenye duka Riyadh hununua mkanda mpya kwa mwendo wa nusu saa. Pemba ungengojwa kwa wiki, na karafuu haingoji hata usiku mmoja.

La tatu alilisema taratibu zaidi: "Na jioni, funguo atakaa nazo nani?"

Swali hili alikuwa na sababu ya kuliuliza. Katika mapendekezo ya Riyadh kulikuwa na sharti kwamba gari liandikishwe kwa jina la jamaa yetu mmoja aliyeko Chake Chake, akae na funguo, na mtunza shamba aende kuziomba kila anapohitaji. Lilitolewa kwa nia ya kulinda mali, nami siwatuhumu waliolitoa. Lakini fikirini: mtu aliyelinda shamba letu miaka arubaini bila ya sisi kuwepo, aliyeleta hesabu kila msimu kwa mwandiko wake, tumwambie asafiri kwenda kuomba ufunguo wa kubebea mzigo ambao baba na babu zake waliubeba kwa vichwa vyao.

Shangazi alimaliza maneno. Alisema: "Anayebeba ndiye akae na funguo. Kama hamumwamini na gari, mbona mlimwamini na miti?"

Hiba na kabidhi

Yalibaki mawili: chombo na jina.

La chombo liliamuliwa kwa upole wa mkubwa wetu wa Riyadh. Baada ya kusikia habari ya mita moja na sentimita 70 alinyamaza siku mbili, kisha akaandika kwamba akubali kigari cha Kijapani. Mwanawe hakufurahi. Alibaki na bagi lake, na katika mchango hakutoa. Sitaandika neno jingine juu yake, kwa kuwa ni mtoto wetu, na alitaka kutoa alichokipenda. Si wote hutoa wanachokipenda.

La jina lilikuwa gumu zaidi. Pendekezo la kwanza lilikuwa gari liwe la mtunza shamba kwa masharti: asilikodishe, alirudishe akiacha kazi, alipeleke popote tutakapoamuru. Nikalipeleka kwa shekhe mmoja wa mtaani kwetu Jeddah, mtu wa fiqhi. Alinikumbusha tuliyosoma chuoni, kwamba hiba haitimii ila kwa kabidhi: maadamu kitu hakijaingia mkononi mwa mpewa, bado hakijawa chake. Akaongeza kwamba zawadi iliyofungwa kamba nyingi huwa si zawadi tena, ni deni lililovishwa kanzu. Akashauri tutenganishe mambo mawili. Kama tunatoa gari, tulitoe. Kama tunataka mizigo yetu ibebwe, tupatane naye kwa ujira kama watu wanavyopatana.

Ndivyo ilivyofanywa. Gari limesajiliwa kwa jina lake. Funguo alipewa mkononi mbele ya sheha na mashahidi wawili, na yule jamaa yetu wa Chake Chake ndiye aliyempa, jambo ambalo nalimshukuru kwalo. Kwa waraka wa pili ulio mbali na huo, amekubali kubeba mavuno yetu kwanza wakati wa msimu, kwa kiwango kilichoandikwa, na siku nyingine ni huru kubebea majirani nazi, saruji, mbolea au vyombo vya arusi, na ujira wa hapo ni wake. Mafuta, tairi na bima ni juu yake. Wapo waliosema tumepoteza mali ya ukoo. Nawajibu kwa hesabu: gari litachakaa kwa hali yoyote, kwa jina letu au kwa jina lake. Lenye mwenyewe hubadilishwa oili kwa wakati.

Vuli ya kwanza

Kigari kilifika bandarini na kikavuka hadi Pemba kabla ya msimu wa vuli iliyopita. Si chombo cha miujiza. Mahali bonde linapopitisha maji kilikwama mara mbili wiki ya kwanza, magurudumu yote manne yakizunguka bila ya kwenda, na kikavutwa na ng'ombe wa jirani. Tangu hapo wameweka utaratibu ambao hakuna aliyekaa Sulimaniyah angeubuni: gari la ng'ombe hutoa magunia kutoka chini kabisa hadi kwenye tambarare chini ya mfenesi, na kigari huyachukua hapo. Jirani mwenye ng'ombe hulipwa kwa safari. Goti la mzee limepumzika. Sasa anakaa barazani akihesabu magunia, na wanawe wanasema sauti yake imekuwa kubwa kuliko zamani.

Ugomvi mmoja ulitokea. Kijana mkubwa alitaka kupakia magunia 12 makavu ili kuokoa safari moja ya kituoni. Kwa gunia la kilo 50 hiyo ni kilo 600, karibu mara mbili ya kadiri ya gari. Baba yake alikataa, akapakia saba. Kijana alinilalamikia kwa simu kwamba magari mengine hupakia hivyo kila siku. Nikamwambia gari si langu, amuulize mwenyewe.

Hakuna mzigo uliolala kondeni msimu ule.

Kwa koo nyingine

Walioniuliza ushauri, nawapa huu kwa ufupi. Kabla ya kutazama gari lolote, mwambieni aliyeko shambani apime njia yake mahali pembamba kuliko pote na mahali pa mwinuko kuliko pote. Ulizeni mzigo unaishia wapi. Ukiishia barabara ya umma, gari lisilosajilika ni nusu ya gari. Ulizeni fundi wa karibu amepata kufungua gari gani, na vipuri viko umbali gani. Jumlisheni usafiri, ushuru na usajili kabla ya kufurahia bei, na mkinunua jipya hapa Saudia msisahau ile kodi ya asilimia 15 iliyoko tangu 2020. Kama shamba lenu ni pana, la kwenu ndani ya mipaka yenu, kama yalivyo baadhi ya mazraa ya Al-Kharj au mashamba makubwa ya Kenya, basi bagi linaweza kuwa ndilo haswa, na msiache kulinunua kwa sababu sisi hatukulinunua. Vaeni mikanda ya viti na msipakie watu kitandani. Na aliye na kitu cha thamani anachotaka kukitoa, akitoe baada ya kuuliza.

Hesabu ya mwisho ni hii. Kilichokusanywa kwa nyumba 11 ni riyali 27,400. Kigari, pamoja na usafiri, ushuru na usajili, ni riyali 21,900. Tairi mbili za akiba, turubai na kamba ni riyali 1,240. Zimebaki riyali 4,260. Shangazi ameshauri zinunuliwe majamvi mapya na zilizobaki zipelekwe kwa matibabu ya goti. Mwenye rai tofauti aniandikie kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Baada ya hapo nitafunga daftari.

Wabillahi tawfiq.